Kenny Dalglish na ile jioni ya 4-4

Nianze na benchi. Tarehe 20 Februari 1991, Goodison Park, mechi ya marudiano ya FA Cup raundi ya tano, Everton na Liverpool. Liverpool anapata bao Everton anarudisha, anapata tena wanarudisha tena, yaani mara nne Liverpool anatangulia na mara nne anashikwa. Tony Cottee kaingia kutoka benchi kama dakika zimeshaisha kabisa, akasawazisha dakika ya 89, John Barnes akafunga bonge la bao muda wa nyongeza, Cottee huyo huyo akarudisha tena. 4-4. Ukiiangalia leo unaiona ni mechi tamu balaa, moja ya dabi bora kuwahi kuchezwa, na mashabiki wasio na upande waliondoka wanacheka.

Ila kuna mtu mmoja alikuwa kasimama pale pembeni hacheki. Kenny Dalglish, kocha wa Liverpool, alikuja kueleza baadae kwamba Liverpool walipokuwa mbele alijua kabisa cha kufanya, ilikuwa amrudishe kiungo wake Jan Molby nyuma akae na mabeki, wazibe, mechi iishe. Anajua, anaona, jibu liko mkononi. Na hakufanya. Alisimama tu. Sio kwamba alikosea mahesabu, alishindwa kuamua, na kocha ukishafika hapo we mwenyewe ndo unajua mambo yameisha kabla hata bosi hajajua.

Siku mbili baadae, Ijumaa tarehe 22, akaitisha waandishi akatangaza anaacha kazi. Liverpool alikuwa bingwa mtetezi. Alikuwa kileleni mwa ligi. Mwamba alikuwa amebakiza siku kumi tu afikishe miaka 40. Watu walidhani ni utani.

Sasa mi kwa miaka mingi nilikuwa kwenye kundi la wanaosema Kenny alikimbia. Nimebishana sana hii kitu na jamaa yangu mmoja ambaye ni Liverpool damu, mi nikimwambia kocha gani anaacha timu inaongoza ligi katikati ya msimu, si kuogopa Arsenal huko, yeye ananijibu we subiri siku ukikua utaelewa. Nilichukia hilo jibu. Nimekua, na nadhani nimeelewa, na ndo maana naandika hapa, maana naona vijana wengi wanamjua Dalglish kama yule mzee wa jukwaani anayeonyeshwa na kamera Liverpool wakifunga, au baba yake Kelly Cates yule mtangazaji, basi.

Turudi nyuma kidogo.

Kenny kazaliwa Glasgow mwaka 1951, mtaa wa Dalmarnock, upande wa mashariki ya jiji, ambako ni karibu kabisa na uwanja wa Celtic. Ila nyumba yao ilikuwa ya Rangers, na yeye mwenyewe alikuwa Rangers wa kutupwa, na baadae familia ikahamia kwenye ghorofa moja ambalo ukichungulia dirishani unaiona Ibrox. Kama hujui Glasgow ilivyo, chukua utani wowote wa watani wa jadi unaoujua, weka dini ndani yake, afu zidisha. Kwahiyo mwaka 1967, mwaka ule ule Celtic wanabeba kombe la Ulaya, msaidizi wa kocha wa Celtic Jock Stein, anaitwa Sean Fallon, anagonga hodi nyumbani kwao kuja kumsajili dogo, na dogo kusikia ni Celtic wapo mlangoni kakimbilia chumbani kubandua mapicha ya wachezaji wa Rangers ukutani. Fallon siku hiyo alikuwa anaenda kusherehekea kumbukumbu ya ndoa yake, mkewe na watoto kawaacha kwenye gari nje, nakuja sasa hivi. Akakaa humo ndani masaa. Sijui huko kwenye gari kulikuwaje ila saini ilipatikana.

Alianza taratibu. Alipelekwa kwa mkopo Cumbernauld United, timu ndogo tu, huku anajifunza useremala, kweli kabisa, fundi wa mbao. Kuanzia mwaka 1971 hivi ndo akawa mtu wa kikosi cha kwanza na hapo hakuna aliyemkamata, ubingwa wa Scotland mara nne, vikombe juu.

Mwaka huo huo wa 1971 kuna kitu kilitokea nataka ukikumbuke kwa ajili ya huko mbele. Tarehe 2 Januari, Ibrox, Rangers na Celtic. Kenny hakucheza, alikuwa na miaka 19, alikuwepo tu uwanjani anaangalia. Mechi inaisha watu wanatoka, kwenye ngazi moja wakaangukiana. Walikufa watu 66. Weka hapo.

Agosti 1977 Liverpool wanatoa pauni 440,000, rekodi ya Uingereza wakati huo kati ya klabu na klabu za huko huko. Hela ya nini? Kevin Keegan kaondoka kwenda Hamburg kwa nusu milioni, kaacha jezi namba 7, na Keegan pale Anfield alikuwa mfalme, timu imetoka kubeba kombe la Ulaya mwezi Mei tu. Nani anataka kuivaa hiyo jezi? Kenny akaivaa. Msimu haujaisha watu wakaanza kumuita King Kenny, Keegan yupi tena. Fainali ya kombe la Ulaya 1978 Wembley, Liverpool na Club Brugge, Graeme Souness anapenyeza pasi, Kenny anakimbia upande wa kulia wa boksi, kipa Birger Jensen anatoka anajilaza mapema, Kenny anamsubiri. Hiyo ndo sehemu naipenda, kale kasubira. Wachezaji wengi pale wanapiga tu. Yeye kasubiri mpaka kipa kalala chini ndo akaunyanyua mpira taratibu juu yake, kitu na wavu, 1-0, kisha akaruka lile bango la matangazo kwenda kwa mashabiki na tabasamu limejaa uso mzima.

Hakuwa na mbio, nasema ukweli. Ukimuweka leo kwenye zile takwimu za spidi atakuwa chini kabisa. Silaha yake ilikuwa kichwa na, samahani, makalio. Anapokea mpira kageukia nyuma, anamsukumia beki makalio, beki hauoni mpira, hajui Kenny anageukia kushoto au kulia, na akishageuka umeshachelewa. Mabeki wa miaka ile walikuwa wanapiga viatu kweli kweli na bado hawakumpata. Ian Rush alipokuja akawa anakimbia tu anajua pasi itamkuta. Mabao 172 mechi 515 Liverpool, vikombe vitatu vya Ulaya, 1978, 1981 na 1984. Timu ya taifa ya Scotland kacheza mechi 102, hakuna mwingine aliyefika huko, na mabao 30 sawa na Denis Law. Mwaka 1983 alikuwa wa pili Ballon d'Or nyuma ya Platini.

Hiyo ni stori ya mchezaji na ingetosha. Ila tunakuja kwenye ukocha, na angalia anaupata siku gani.

29 Mei 1985, Heysel, Brussels, fainali ya kombe la Ulaya na Juventus. Kabla ya mechi mashabiki wa Liverpool wanavamia upande wa wenzao, watu wanakimbia, ukuta unaanguka, wanakufa 39, wengi Waitaliano. Mechi ikachezwa hivyo hivyo, kitu ambacho mpaka leo sikielewi, Juventus wakashinda 1-0. Kenny alikuwa anacheza. Kocha wao Joe Fagan alikuwa ameshasema anastaafu, karudi Liverpool analia kwenye uwanja wa ndege, na kesho yake, tarehe 30, klabu inamtambulisha kocha mpya: Kenny Dalglish, miaka 34, kocha mchezaji, hajawahi kufundisha hata timu ya watoto. Klabu za England zikafungiwa Ulaya. Karibu kazini.

Ndo pale nilipoanza kuona mtindo wa maisha ya huyu jamaa. Viti anavyopewa kila mara vina moto. Jezi ya Keegan, kiti cha Fagan, na huko mbele anaenda kurithi tena kiti cha Keegan huyo huyo kule Newcastle, utadhani kuna mtu anaandika tamthilia.

Msimu wa kwanza akabeba ligi na FA Cup kwa pamoja. Siku ya ubingwa, 3 Mei 1986, Stamford Bridge, Liverpool wanahitaji kushinda. Jim Beglin anaudokoa mpira juu ndani ya boksi, Kenny anautuliza kifuani, haujagusa chini anaupiga, nyavu. 1-0, ubingwa. Kocha kajipanga mwenyewe kwenye kikosi, kafunga mwenyewe, kabeba ndoo mwenyewe. Wiki moja baadae wakawafunga Everton 3-1 Wembley. Leo tukiona kocha kavaa nguo za mazoezi anapiga danadana tunasema kocha anaujua mpira, haya.

1987 Rush akaenda Juventus na hapo Kenny akatengeneza timu ambayo mi naiona ndo kazi yake bora kuliko zote. John Barnes kutoka Watford, Peter Beardsley kutoka Newcastle, Ray Houghton na John Aldridge kutoka Oxford. Mechi 29 za ligi kuanzia mwanzo wa msimu bila kufungwa. Walikuwa wanacheza mpira unaona raha hata kama unawachukia, nilizitafuta hizo video nikakesha. Afu Wembley wakafungwa na Wimbledon 1-0 kwenye fainali ya FA Cup, Aldridge penati ikadakwa, mpira bwana.

Kwa waandishi alikuwa mgumu, hilo lazima tuseme. Maneno machache, lafudhi ya Glasgow kama changarawe, utani mkavu ambao huelewi ni utani mpaka ufike nyumbani. Aprili 1988 Liverpool wametoka 3-3 na Manchester United Anfield, Alex Ferguson kwenye korido anamlalamikia mwandishi wa redio kuhusu marefa, Kenny anapita zake kambeba binti yake mchanga wa wiki chache, akamwambia yule mwandishi aongee na mtoto, atapata la maana zaidi. Ferguson alitoa maneno hayaandikiki hapa. Wote wawili wa Glasgow hao.

Halafu 15 Aprili 1989.

Nusu fainali ya FA Cup, Hillsborough, uwanja wa Sheffield Wednesday, Liverpool na Nottingham Forest. Polisi wanafungua geti watu wanaingia wengi kwenye vizimba vya katikati ambavyo vilishajaa, mbele kuna uzio wa chuma, hakuna pa kwenda. Mechi ikasimamishwa saa tisa na dakika sita. Walikufa watu 97 ukimhesabu wa mwisho aliyekufa 2021 kwa majeraha ya siku ile. Mtoto wa Kenny mwenyewe, Paul, alikuwa uwanjani siku hiyo, na kuna muda baba hajui mwanae yuko wapi.

Hapa ndo nataka tukae kidogo maana makocha wanapimwa kwa makombe na hii haipo kwenye kabati lolote. Baada ya Hillsborough, Anfield iligeuka msiba. Uwanja ulifunguliwa, maua yakaanza golini upande wa jukwaa la Kop yakaja mpaka katikati ya uwanja, skafu za timu zote. Familia zilikuwa zinakuja klabuni na Kenny na mkewe Marina na wachezaji na wake zao walikuwepo kuwapokea, chai, kukaa, kusikiliza. Kenny alienda kwenye mazishi mengi, kuna siku moja alienda mazishi manne. Manne siku moja. Mi nimeenda msiba mmoja siku moja nikarudi nikalala kama mgonjwa. Na akienda sio anaenda kama yule kiongozi anasaini kitabu anaondoka, anashika mikono ya baba ambaye kapoteza mtoto wa miaka 15, afu kesho yake kuna mazoezi saa nne.

Gazeti la The Sun likaandika uongo ukurasa wa mbele kwamba mashabiki waliwaibia maiti na kuwakojolea polisi, kichwa cha habari kikubwa, UKWELI. Mhariri alipompigia Kenny simu kuuliza wanarekebishaje, Kenny akamjibu waandike kwa maandishi makubwa yale yale kwamba wamedanganya. Mhariri akasema hawezi. Kenny akamwambia basi hana la kumsaidia. Mpaka leo hilo gazeti watu wengi Liverpool hawaligusi, na ilichukua mpaka 2016 jopo la raia kwenye uchunguzi wa vifo kusema wazi kwamba watu wale waliuawa kinyume cha sheria na mashabiki hawakuwa na kosa. Miaka 27.

Mei hiyo hiyo walibeba FA Cup mbele ya Everton 3-2, na siku sita baadae Arsenal wakaja Anfield wakihitaji kushinda kwa tofauti ya mabao mawili, wakashinda 2-0, Michael Thomas dakika ya mwisho kabisa. Ubingwa ukaenda. Najua ni usiku mkubwa kwenye historia ya mpira, lakini we jaribu kuwaangalia wale wachezaji wa Liverpool siku hiyo ukijua wiki sita zilizopita walikuwa makaburini.

Msimu uliofuata, 1989-90, wakarudi wakabeba ligi, ya 18. Kenny akajiingiza mechi moja mwishoni, miaka 39, akaagwa kama mchezaji. Hakuna aliyejua kwamba hiyo ya 18 itakaa miaka 30 bila ya 19.

Kwahiyo ukiniuliza leo kilichotokea Februari 1991, nakwambia hakikuanzia Goodison. Mtu huyu alikuwa Ibrox 1971, alikuwa Heysel 1985, alikuwa Hillsborough 1989. Maafa matatu makubwa ya viwanja na yote alikuwepo kwa macho yake, mara moja kama dogo jukwaani, mara moja kama mchezaji, mara moja kama kocha. Mwili ulishaanza kusema, alikuwa anatokwa vipele mwilini, nyumbani anafokea watoto, na siku ya mechi alisema anahisi kichwa kama kinataka kupasuka. Miaka ile nani alikuwa anaongelea mambo ya akili ya kocha? Hakuna neno lake hata. Mwanaume wa Glasgow, mtoto wa mtaa, anabeba. Akawabebea wenzake wote na hakuna aliyemuuliza we je. Mpaka siku moja anajua amrudishe Molby nyuma na mdomo hautoki.

Jamaa yangu alikuwa sahihi. Sijamwambia bado.

Miezi nane tu baadae, Oktoba 1991, kaibuka Blackburn Rovers, daraja la pili. Hapa ndo kuna ule msemo, eti alinunua ubingwa kwa hela za Jack Walker. Sawa, Walker alikuwa tajiri wa chuma, mtoto wa Blackburn, na alimwaga hela kweli, Alan Shearer 1992 kwa pauni milioni 3.3 kutoka Southampton rekodi, Chris Sutton 1994 milioni 5 kutoka Norwich rekodi tena. Sibishi. Ila Blackburn ni mji mdogo, timu haikuwa daraja la kwanza tangu 1966, ubingwa wa mwisho 1914. Mazoezi walikuwa wanafanyia viwanja vya wazi karibu na makaburi na sehemu ya kuchomea maiti, gari la msiba likipita wachezaji wanasimama mpaka lipite ndo wanaendelea. Wachezaji wanaenda na nguo zao kufua nyumbani. Kwenye mazingira hayo unamshawishije Shearer, ambaye United walikuwa wanamtaka, aje huko? Unamtuma Kenny. Hela zilikuwepo lakini mlangoni aligonga Kenny.

Na timu yenyewe haikuwa ya mbwembwe kama ile ya Barnes. Stuart Ripley kulia, Jason Wilcox kushoto, wanafika mwisho wanamwaga krosi, Shearer na Sutton wanamalizia, nyuma Colin Hendry anaweka kichwa kila kitu, Tim Flowers golini. Basi. Ile ya Anfield alikuwa na mafundi akawaachia uhuru, hii alikuwa na vibarua wazuri akawapa kazi rahisi na wazi. Kwangu mi hapo ndo unaona ni kocha, sio jina tu. Walipanda kupitia playoff 1992, wakamaliza wa nne, wa pili, halafu 1995.

14 Mei 1995 ratiba ikamrudisha wapi siku ya mwisho? Anfield. Blackburn wako juu kwa pointi mbili, United wako West Ham. Shearer anafunga, Barnes anasawazisha, na kuna mashabiki wa Liverpool hawajui washangilie nini maana wakishinda wanaweza kumpa United ubingwa. Dakika za mwisho kabisa Jamie Redknapp anapiga frikiki inaingia. Kenny pale pembeni uso umeanguka. Sekunde chache zinapita, ujumbe unafika kutoka London, United kashikwa 1-1, kipa Ludek Miklosko kadaka kila kitu. Blackburn bingwa, 89 kwa 88, kafungwa na bado bingwa, na uwanja mzima wa Anfield unaimba jina la kocha wa timu ngeni. Kwenye historia ya England makocha waliobeba ligi na klabu mbili tofauti ni wanne tu, Tom Watson, Herbert Chapman, Brian Clough na yeye.

Kisha akapanda ofisini kuwa mkurugenzi wa mpira na mambo yakafifia.

Newcastle nitapita haraka. Januari 1997 Keegan kaacha kazi, Kenny kachukua, kamaliza wa pili, Septemba wakamfunga Barcelona 3-2 Faustino Asprilla tatu zote. Ila aliivunja timu ya Keegan, Ginola na Ferdinand wakaenda Tottenham, Shearer akaumia, akaleta wazee wake Rush na Barnes, mpira ukawa mzito, nafasi ya 13. Fainali ya FA Cup 1998 wakafungwa na Arsenal 2-0, na Agosti baada ya mechi mbili tu akafukuzwa. Pale walitaka burudani yeye akawapa uji wa chumvi, haikuwa ndoa. Celtic 1999 alirudi kama mkurugenzi na Barnes kama kocha, Februari 2000 wakatolewa nyumbani na Inverness Caledonian Thistle 3-1, Barnes nje, Kenny akashika mwenyewe akabeba League Cup wakamfunga Aberdeen, akaondoka. Afu kimya miaka kumi na ushee.

Januari 2011 Liverpool ni ya 12, Roy Hodgson katolewa, Kenny yuko likizo, simu inaita. Mtu wa miaka 59. Alirudi na nakumbuka ile hali, timu ilikuwa imekufa, afu ghafla watu wanatabasamu, Luis Suárez anawapeleka United puta, Dirk Kuyt anafunga tatu, 3-1, wakamaliza wa sita. Lakini hela ya kumuuza Fernando Torres, milioni 50, ikatoa milioni 35 kwa Andy Carroll, na hapo hata mi sina utetezi.

Na lile la Suárez na Patrice Evra siwezi kuliruka. Oktoba 2011 Suárez alimtolea Evra maneno ya ubaguzi, akafungiwa mechi nane, na Kenny na timu wakavaa tisheti zenye picha ya Suárez. Alikosea. Nampenda lakini alikosea, ule moyo wa kukinga mtu wake kwa gharama yoyote, ambao 1989 ulikuwa ngao ya mji mzima, safari hii ulimkinga asiyestahili. Februari 2012, baada ya Suárez kukataa kumpa Evra mkono, na Kenny kumjibu vibaya mtangazaji, ndo akaomba radhi kwa alivyoongea.

Mwezi huo huo wakabeba League Cup kwa penati mbele ya Cardiff, kombe la kwanza klabuni ndani ya miaka sita. Mei wakafungwa fainali ya FA Cup na Chelsea 2-1, ligini nafasi ya nane, akaitwa Boston kwa wenye timu, tarehe 16 Mei akafutwa kazi. Hakutoa neno baya hata moja. Mwaka uliofuata wakamrudisha kwenye bodi, akakubali, kama hakuna kilichotokea.

Oktoba 2017 jukwaa la Centenary pale Anfield likabadilishwa jina, sasa linaitwa Kenny Dalglish Stand, na mwaka 2018 akapewa cheo cha heshima cha Sir, Sir Kenny, na watu wa pale bado wanamuita Kenny tu. Hilo jukwaa ukiangalia vizuri limekaa upande wa pili wa uwanja, mkabala na Main Stand ambako mabenchi yapo. Kwahiyo kocha yeyote wa Liverpool, hata wa timu ngeni, akisimama pembeni ya mstari dakika za lala salama anatafuta cha kufanya, akiinua macho tu, jina liko pale mbele yake.